Kifuli cha Balozi

Chande Mntangi aliingia karakana ya Mwantumu bila hodi, saa nane na nusu mchana, na hilo peke yake lilitosha kumwambia mwenye karakana kwamba mambo si mazuri. Tangu Mwantumu amfute kwenye shina lake la warushaji, mwaka mmoja na miezi yake, kijana huyu akiiona karakana huvuka barabara akapita upande wa pili. Leo amesimama katikati ya sakafu, matope mpaka magotini, kifuani amekumbatia sanduku jeupe kwa mikono yote miwili.

"Shikamoo, Da Mwantumu."

"Marahaba. Nini hicho?"

Chande aliliweka sanduku mezani, kati ya redio iliyofumuliwa na kopo la gundi, akarudi nyuma hatua mbili. Kwenye kifuniko palichorwa tone la damu, palikuwa na ufa uliotoka pembe hadi pembe, na kioo kidogo chenye tarakimu. Hamsini na nane. Mwantumu akiwa bado anazitazama, zikawa hamsini na saba.

Sanduku lile halikuhitaji maelezo kwa mtu yeyote wa Kwelugogo. Lilikuwa la nyuki ya afya, ile ndege kubwa isiyo na rubani, yenye mabawa, inayokatiza mabonde mara mbili tatu kwa wiki ikipeleka damu na dawa kwenye vituo vya milimani. Watu walishaizoea, hata mbuzi walikuwa hawainui vichwa ikipita.

"Umelitoa wapi?"

"Kwenye kabichi za Mama Kaniki. Nyuki ya afya imeanguka."

"Imeangukaje?"

Kijana aliangalia viatu vyake. "Ilikuja chini chini kwa sababu ya ukungu. Mimi nilikuwa napiga picha pale barabara ilipoporomoka asubuhi. Watu wanazitaka sana hizo. Sikuiona, Da Mwantumu, wallahi sikuiona. Nyuki yangu ikaigonga kwenye bawa."

"Na yako?"

"Yangu nzima."

Bila shaka ilikuwa nzima. Mwantumu alihisi kiganja kinamwasha, akakificha nyuma ya kanga aliyojifunga kiunoni. Alikuwa na miaka arobaini na sita, fundi wa redio, simu na nyuki, mjane asiyependa makelele, na hakuwahi kumpiga mtoto wa mtu. Lakini siku ile alikaribia.

Ndipo rafu ikalia.

Kwenye rafu zilipangwa nyuki saba za wateja na ya nane yake mwenyewe. Kila moja ilikuwa na kifuli tumboni, kidude cha ukubwa wa kiberiti chenye taa, na taa hizo zilikuwa za kijani. Sasa zilianza kugeuka nyekundu, moja baada ya nyingine, kila moja na mlio wake mkali, mpaka zikaisha zote nane.

"Wamefunga anga," Mwantumu alisema.

Sheria ilisema wazi. Nyuki ya afya ikianguka, anga la chini linajifunga lenyewe, kilomita arobaini kila upande, mpaka mkaguzi afike. Kila kifuli kinapokea amri na kukata umeme wa mota. Nyuki iliyo hewani inatua ilipo, iliyo chini haiinuki, na za afya zenyewe hazina msamaha. Usiniulize aliyetunga hivyo alikuwa amekula nini. Iliyobaki huru ni ile isiyo na kifuli tu, na nyuki pekee isiyo na kifuli katika kata nzima ilikuwa hapo nje, imefungwa kwa mpira kwenye kiti cha pikipiki ya Chande, haijachubuka hata rangi.

Hamsini na tano. Mwantumu alichukua simu, akapiga namba iliyoandikwa ubavuni mwa sanduku.

"Kituo cha afya Mbwei. Sista Eliapenda anaongea."

"Sista, mimi Mwantumu Shelukindo, fundi wa Kwelugogo, balozi wa anga wa shina la kumi na nne. Nyuki iliyokuwa inakuja kwenu imeanguka. Damu ninayo hapa mezani."

"Mifuko mizima?"

"Mizima. Lakini sanduku lina ufa, baridi inatoka. Limebakiza dakika hamsini na nne."

"Likifika sifuri hiyo ni ya kumwaga," Sista alisema. "Sikiliza, Fundi. Nina mama hapa amejifungua saa saba na damu haikatiki. Nimefanya yote ninayoyajua. Kundi lake ni O hasi. Nimewapima watumishi wote mpaka mlinzi, hakuna. Gari la wagonjwa liko upande wenu wa maporomoko. Anaitwa Asnati, ana watatu nyumbani na huyu wa leo ni wa nne. Unaweza kuileta au huwezi? Niambie ukweli, nijue namna ya kuzungumza na mume wake."

"Nipe dakika chache."

Kwa pikipiki, njia ya kuzunguka hadi Mbwei ilikuwa saa tatu. Kwa nyuki, kukatiza bonde, dakika kumi na saba. Mwantumu alipiga ofisi ya anga, Tanga. Aliyepokea alikuwa Bwana Kilawe, mtu mstaarabu, ambaye walikuwa wakisalimiana kila mwisho wa mwezi wakati wa kupeleka taarifa za mabalozi. Alisikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Bi Mwantumu, mimi sina ufunguo," alisema. "Zamani tulikuwa nao hapa ofisini. Wakubwa wakawa wanatupigia tuwafungulie wapige picha harusi za watoto wao, basi ufunguo ukatolewa mikononi mwa watu. Sasa mfumo unajifungua wenyewe mkaguzi akiweka kidole chake pale nyuki ilipoangukia."

"Mkaguzi yuko wapi?"

"Anatoka Korogwe. Ameshaanza safari, ila barabara..."

"Imekatika."

"Imekatika," Kilawe alikubali, na sauti yake ilikuwa ya mtu anayeona aibu. "Naweza kukuandikia ombi la dharura. Linajibiwa ndani ya saa sita."

Mwantumu alishukuru, akakata simu. Arobaini na nane.

"Yangu inaruka," Chande alisema kutoka mlangoni. Alikuwa amekwisha kuitoa kwenye pikipiki, ameishika kwa miguu yake ya chuma. "Inabeba kamera ya kilo tatu. Nikiitoa hiyo, ikabaki ile ndogo ya kuonea njia, sanduku linaingia. Naijua njia ya Mbwei, Da Mwantumu, nimeirusha mara nyingi."

"Najua umeirusha. Ndiyo maana wakajenga uzio."

Uzio wa mawimbi ulikizunguka kila kituo cha afya siku hizi, kwa sababu watu wa aina ya Chande walishusha kamera mpaka madirishani kwa wazazi. Nyuki ikikaribia, uzio unaiuliza jina. Isiyo na jina inavurugwa mota ikaenda chini kama jiwe.

"Tuitue nje ya uzio, watu waikimbilie."

"Nje ya uzio wa Mbwei ni korongo. Mpaka mtu ashuke na kupanda, jua limekuchwa."

"Basi ingekuwa na jina tu," Chande alisema.

Wote wawili wakatazama rafuni. Nyuki ya Mwantumu ilikaa mwisho kabisa, imefutwa vumbi, taa yake nyekundu. Kifuli kina kazi mbili, na fundi yeyote anazijua. Ya kwanza, kila sekunde kinatangaza jina la mwenye nyuki. Ya pili, kimeshika waya wa mota. Kikifunguliwa kikabandikwa kwenye mwili mwingine bila waya, kinabaki na kazi ya kwanza tu, yaani kinapiga kelele la jina na hakizuii kitu. Uzio wa Mbwei ungelisikia jina la Mwantumu Shelukindo ukafungua.

Na Tanga pia wangelisikia, likiruka katika anga lililofungwa. Hilo kosa liliitwa kuazima jina. Mtu wa kawaida akilifanya anapoteza nyuki yake. Balozi akilifanya, shina lake lote linang'olewa. Vifuli vyote kumi vinakufa siku hiyo hiyo, na wenyewe hawaandikishwi tena mpaka wanaingia kaburini. Samaki mmoja akioza, na serikali ilikuwa imeamua kwamba balozi ndiye samaki.

*

Inabidi niseme jinsi shina lile lilivyopatikana, maana bila hivyo utadhani Mwantumu alikuwa anajishauri bure.

Sheria ilipokuja, Kwelugogo nzima iliicheka. Nani ataandikisha kitu cha kuchezea? Kila mrushaji aingie kwenye shina la watu kumi, wadhaminiane, mmoja wao awe balozi, kama zile nyumba kumi za zamani. Mwantumu peke yake hakucheka. Alikuwepo sokoni siku nyuki ya mtu asiyejulikana ilipomwangukia binti wa muuza nyanya, akaona jicho la mtoto lilivyokuwa, na mwenye nyuki hakupatikana hadi leo. Kwa hiyo alipita mlango kwa mlango na daftari lake. Aliwabembeleza watu tisa, mmoja mmoja, wengine mara tatu. Aliwaambia ukweli wake wote: anayefuata sheria hatapata hasara. Na ili wamwamini, aliandika kwa mkono wake kanuni moja ya shina, wakaitia sahihi uani kwake Jumapili moja: neno la shina ni moja. Jambo linalowagusa wote halifanyiki mpaka wote kumi waseme ndiyo.

Chande alikuwa mmoja wa wale kumi wa mwanzo. Alipopeleka nyuki juu ya msiba wa watu, akawapiga picha wanawake wamejiangusha chini wanalia, Mwantumu aliwaita wenzake, wakasema ndiyo kumi kasoro mmoja aliyekuwa anafutwa, na kijana akafutwa. Kifuli chake kikarudishwa Tanga, na nafasi yake ikajazwa na mtu mwingine. Walidhani wamemkomesha. Alichofanya ni kununua nyuki nyingine kwa watu wa mpakani, kubwa kuliko ya kwanza, isiyo na kifuli, na tangu hapo hakuna sheria iliyomgusa, kwa sababu sheria ilimwona aliyejiandikisha tu.

*

Arobaini na sita. Mwantumu aliwapigia wenzake wote tisa kwa mpigo.

"Wenzangu, nina dakika tatu. Nisikilizeni, msinikatize." Aliwaeleza. Hakupunguza chochote, wala jina la mama, wala adhabu. "Kanuni mnaijua. Nataka neno la kila mtu."

Bi Nakijwa, aliyekuwa akilinda viazi vyake kwa nyuki dhidi ya nguruwe pori, alikuwa wa kwanza. "Fanya. Nguruwe watakula viazi, wale tu. Mimi nimezaa sita, najua hiyo damu inavyokwenda."

"Sheria inasema..." Mwalimu Hoza alianza.

"Naijua, Mwalimu."

"Najua unaijua. Nilitaka isemwe tu. Fanya."

Wengine wakafuata. Mmoja aliuliza kama mama mwenyewe ni mtu wa wapi, akazomewa na wenzake. Mmoja alivuta pumzi muda mrefu, akasema ndiyo kwa sauti ya mtu anayeng'olewa jino. Wakafika wanane. Mwantumu alikuwa tayari ameshika bisibisi.

"Mzee Singano, upo?"

"Nipo."

Mzee Singano aliishi peke yake juu kabisa ya kilima, mahali ambapo mvua ikinyesha hata mbuzi anateleza. Sukari ilimla mguu wa kulia miaka minne iliyopita, na tangu waliporudi naye hospitali hakuvuka kizingiti chake. Kiti cha magurudumu hakishuki pale, na magongo yalimwangusha mara mbili. Mwantumu ndiye aliyempa nyuki, ndogo tu, yenye kamera na kipaza sauti, akakaa naye wiki mbili akimfundisha. Tangu hapo mzee alitembea. Kila asubuhi nyuki ilitoka mlangoni kwake ikashuka matuta, ikapita kwa wajukuu, ikapita mashineni, ikasimama nje ya msikiti Ijumaa. Ilikuwa inaitikia shikamoo. Watu walibishana nayo mambo ya siasa njiani. Ukimuuliza mzee jana ulikuwa wapi, anakwambia nilikwenda kwa Bi Nakijwa, na hasemi uongo.

"Umesikia, Mzee wangu."

"Nimesikia yote." Alikohoa. "Hapana."

"Huyo mama namwombea, mwanangu, na Mungu ananisikia. Ingekuwa damu yangu inafaa ningesema njooni muikinge hapa hapa kitandani. Lakini wewe unaniomba miguu. Ule wa kwanza waliukata bila kuniuliza, nilikuwa sina fahamu. Huu wa pili naulizwa, nina akili zangu, nasema hapana. Nikikosa nyuki sitoki humu mpaka nitolewe na jeneza. Mimi si mtu mbaya, Mwantumu. Neno la shina ni moja, na wewe ndiye uliyeliandika."

"Ni mimi."

"Basi."

Akakata. Wengine walianza kusema kwa pamoja, na Mwantumu naye akakata, maana hapakuwa na cha kusikiliza. Arobaini na moja.

Alikaa kwenye kigoda. Chande alimtazama, akaitazama saa, akamtazama tena, lakini alikuwa na akili ya kutosha kufunga mdomo.

Mwantumu alimchukia Mzee Singano kwa muda wa dakika moja hivi, chuki ya kweli kabisa. Mtu mzima, ameshakula chumvi yake, anamnyima mwanamke wa watu uhai kwa sababu ya matembezi. Kisha chuki ikamgeukia mwenyewe, kwa sababu mzee alikuwa hajakosea popote. Kingekuwa kifuli chake peke yake angekwisha kukifungua zamani. Lakini alichokuwa anataka kukitoa sadaka kilikuwa cha mtu mwingine, na mtu huyo alikuwa ameulizwa kwa heshima zote, na amejibu. Ukimuuliza mtu halafu ukafanya unavyotaka, ulimuuliza ya nini? Na asipofanya, yule Asnati naye aliulizwa na nani?

Alijaribu kufikiri njia nyingine. Alifikiri kweli kweli. Kushuka korongo kwa kamba. Kumpigia mkuu wa wilaya. Kusubiri ukungu, kusubiri mkaguzi, kusubiri. Ngojangoja huumiza matumbo, na hapa tumbo lenyewe lilikuwa la mwenzie.

Simu ilitetemeka. Ulikuwa ujumbe wa Sista, maneno mawili: *Amezimia sasa.*

Kioo kilisema thelathini na saba.

"Toa kamera," Mwantumu alisema.

*

Kufungua kifuli ni skrubu nne na waya mmoja mwekundu. Mikono yake ilifanya kazi hiyo kila siku, lakini leo skrubu ya tatu ilimponyoka ikaingia chini ya meza. Aliiacha. Kifuli kilipotoka kwenye mwili wake taa ikageuka ya machungwa. Fundi mwenye leseni alipewa dakika ishirini za matengenezo kabla mfumo haujaanza kumshuku. Alikibandika juu ya nyuki ya Chande kwa utepe mweusi, mizunguko mitatu. Chande alikuwa amekwisha kulifunga sanduku chini kwa mpira wa pikipiki na kamba za viatu vyake mwenyewe.

Thelathini na moja.

"Betri?"

"Asilimia hamsini na mbili. Nimeitumia asubuhi."

"Inatosha?"

"Itabidi itoshe."

Chande alivaa miwani ya kurushia, akasimama mlangoni peku, viatu vimekosa kamba. Nyuki ikainuka kwa mvumo mzito, ikayumba na mzigo, ikapata mizani, ikaingia kwenye ukungu. Hapo hapo taa ya kifuli ikabadilika, na Mwantumu akajua kwamba jina lake limeanza kupiga kelele angani. Alifuata safari kwenye kioo cha simu. Kwa dakika nne hakuona kitu ila weupe.

"Unaona?"

"Sioni. Nakwenda kwa kukumbuka. Nitapanda juu ya kilima cha Singano, upepo ni mdogo upande ule."

"Si juu ya Singano," Mwantumu alisema kabla hajajizuia.

"Kwingine nitakula miti, Da Mwantumu."

Weupe ulipasuka, bati la kijivu likapita chini, uwanja mdogo, mlango ulio wazi. Mzee Singano alikuwa na kioo chake, na kioo kile huandika jina la kila nyuki inayopita karibu. Alikuwa anasoma jina la balozi wake wakati huo huo. Mwantumu alijua hivyo, na aliona aibu iliyomshuka mpaka miguuni, akaendelea kutazama.

Bondeni upepo uliikamata nyuki ukaitupa pembeni. Chande aligeuza mwili wake wote kana kwamba ndiye aliyekuwa amening'inia kule. Hakuna aliyemfundisha kurusha namna ile. Aliishusha kwenye ubavu wa korongo, karibu na miamba mpaka matone yakarukia kamera, akaificha na upepo, akapanda nayo polepole. Jasho lilimtiririka shingoni. Betri ilisoma asilimia kumi na nne, halafu kumi na moja.

"Uzio," alisema.

Kwenye kioo alama ya manjano ikaanza kuzunguka. Uzio ulikuwa unauliza jina. Sekunde moja. Ya pili. Mota zilibadilisha sauti na Chande akasema "Ya Rabi" chini kwa chini.

*Shelukindo, M. Shina 14. Pita.*

Ikapita. Na simu ya Mwantumu ikatetemeka mkononi kwa ujumbe mwingine, wa Tanga: *Shina 14 limeng'olewa. Balozi akusanye vifuli ndani ya siku mbili.* Aliuona ukipita juu ya picha ya uwanja wa Mbwei, ya watu wawili wa nguo nyeupe wanaokimbia, ya mikono inayonyooka. Nyuki ilianguka hatua ya mwisho, betri imekwisha. Mkono uligeuza sanduku, kioo chake kikaelekea kamera. Dakika tisa.

Chande alivua miwani. Alikuwa analia bila kujificha, kamasi na yote.

"Kesho nakwenda Tanga kujisalimisha," alisema. "Nitawaambia ni mimi."

"Waambie. Shina halirudi."

Saa kumi na mbili kasorobo Sista Eliapenda alipiga simu. Damu imekatika. Mama amefumbua macho, ameomba chai. Mwantumu alisema alhamdulillahi, akaweka simu mezani, akalia na yeye.

*

Chande hakwenda Tanga kesho yake. Jumamosi alikuwa juu ya harusi ya watu, kwa nyuki nyingine aliyoazima mahali, chini sana, maharusi wakiinama. Nami sitamtukana, kijana anahitaji kula. Ila nasema tu kwamba siku hiyo yake ndiyo ilikuwa nyuki pekee iliyoruka Kwelugogo.

Mwantumu alizunguka na kapu. Bi Nakijwa alimpa kifuli na kikombe cha uji. Mwalimu Hoza aliomba risiti, akaandikiwa. Wanane walimpokea vizuri, wengine vizuri kupita kiasi, na kila alipotoka alikumbuka nyumba aliyoibakiza ya mwisho.

Alipanda kilima siku ya pili asubuhi. Mlango ulikuwa wazi kama kawaida yake. Mzee Singano alikuwa amekaa kitandani, amevaa kofia, na nyuki ndogo iko mapajani juu ya taulo. Kifuli alikwisha kukifungua mwenyewe. Skrubu nne zilikuwa kwenye kisosi.

"Shikamoo, Mzee."

"Marahaba. Kaa."

Hakukaa. Mzee aliifuta nyuki mgongoni kwa kidole gumba.

"Yule mama?"

"Yu hai. Walimruhusu jana kukaa."

"Na mtoto?"

"Wa kike. Ananyonya."

"Alhamdulillahi," mzee alisema, na alimaanisha, uso wake ulilainika wote. "Nimefurahi. Nilikaa hapa siku ile nikiomba afike salama. Nilikuona ukipita."

"Nisamehe, Mzee wangu."

Mzee Singano alikusanya skrubu kiganjani, moja moja, akamkabidhi pamoja na kifuli.

"Usingeniuliza," alisema, "ningekuwa nimekusamehe kabla hujafika hapo mlangoni. Ningesema mtoto amepaniki, ameona damu ya mwenzie, mwanadamu ni mwanadamu. Lakini uliniuliza, Mwantumu. Nikakujibu mbele za watu."

Mwantumu alikuwa amekuja na maneno mengi tangu chini ya kilima, ya mama, ya watoto wanne, ya dakika thelathini na saba, na yote yalikuwa ya kweli. Hakuna hata moja lililokuwa jibu. Akatoa daftari. Mzee akatia sahihi mahali alipoonyeshwa, polepole, majina yake yote matatu.

"Nitakuwa napanda kukuona," Mwantumu alisema. "Kila siku, Mzee. Nitakuja mwenyewe."

"Uje ukitaka. Mlango ufunge ukitoka."

"Huwa haufungwi."

"Ulikuwa haufungwi," mzee alisema. "Sasa unaleta baridi tu."

Mwantumu akatoka, akaufunga.